Kabla Hamjang'oa Itoka

Wajukuu wangu, kaeni. Leo sitapaza sauti. Pumzi yangu si ile ya zamani, na haya nitakayoyasema nimekwisha kuyasema matangani, nimeyasema harusini, nimeyasema kwenye baraza la chifu, na kila mara watu huitikia kwa kichwa kisha wakaenda zao. Nayasema tena kwa sababu juzi wawili wenu mlisimama mpakani na mapanga mikononi, nyinyi mliolelewa nyumba moja, na mimi nikaja kuitwa nimekaa juani kama mgeni.

Mambo yalianza hivi, kama nilivyoelezwa. Trekta ya kukodi ililima usiku ili iwahi mvua. Dereva ni mtu wa kupita, hajui shamba la nani ni lipi, akaburura jembe juu ya mstari wa itoka, maua yetu ya mpaka, kutoka mtoni hadi karibu na barabara. Kulipokucha vitunguu vyake vilikuwa vimetapakaa juu ya udongo. Mmoja wenu akasema mpaka uko kwenye misaipresi. Mwingine akasema sivyo, uko hatua sita ndani. Hakuna aliyejua misaipresi ile ilipandwa na nani wala kwa nini. Ndipo mkubwa akachomoa hatimiliki mfukoni, akaipunga hewani, akasema, "Mpaka uko hapa, umeandikwa."

Haukuandikwa humo, mwanangu. Hapo ndipo nataka tuanzie.

Mnajua kwamba niliajiriwa mwaka wa 1968 kushika mnyororo wa wapimaji ardhi. Kazi yangu ilikuwa kutembea mbele ya sorovea na ncha ya mnyororo, kuukaza, kuchomeka mshale wa chuma, kupiga ukelele, na kuendelea. Mnyororo ule una urefu wa futi 66 na pingili 100. Minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Nimetembea hivyo kutoka Timau hadi Mbeere, na ingawa sikusoma kama mlivyosoma, karatasi za ardhi nilizijua tangu zikiwa udongo, kabla hazijawa karatasi.

Basi sikilizeni. Nchi hii ina mipaka ya aina mbili. Kuna ile iliyopimwa kwa theodolaiti, kila pembe ikazikwa chuma na saruji, hesabu zake zikaandikwa nyuzi na futi. Ukiing'oa bikoni yake leo, kesho sorovea atairudisha palepale kwa hesabu. Halafu kuna mipaka ya jumla, na mashamba yetu karibu yote yamo humo. Ramani ya mashamba haya iliyoko kwa msajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema hivyo waziwazi, na ile ya 1963 iliyotangulia ilisema vivyo hivyo. Mpaka wenyewe ni kile kilichoko chini: ua, mti, jiwe, kijito, itoka. Watu wakigombana, mahakama haipokei kesi ya mpaka wa namna hiyo kabla msajili hajauamua, na msajili akija shambani huuliza maswali mawili. Alama iko wapi? Mzee anayeijua yuko wapi?

Mmoja wa hao wazee ndiye huyu anayeongea nanyi. Jirani yangu niliyepanda naye itoka mwaka wa 1971 amelala pale chini ya mparachichi tangu muda mrefu. Mbegu zilitoka kwa nyanya yenu, kwao Embu, upande wa Runyenjes, alizifunga kwenye leso alipokuja kuolewa. Huko kwao itoka haipandwi kwa ajili ya urembo, ingawa ua lake ni zuri. Hupandwa kwa sababu kitunguu chake hukaa chini sana. Moto ukipita juu, huchipua. Ng'ombe wakikanyaga, huchipua. Kiangazi cha miaka miwili kikikausha kila kitu, mvua ya kwanza ikinyesha utauona mstari wa kijani umesimama palepale ulipoachwa. Bikoni ya mtu asiyekuwa na pesa za sorovea ndiyo hiyo.

Mtaniuliza kwa nini sisi tulipewa ua na wengine wakapewa chuma. Ndiyo historia ya bonde hili, na hakuna shule inayowafundisha.

Kabla ya mzungu, malisho yaliyo chini yetu, kutoka hapa Timau mtelemke hadi Laikipia, yalikuwa ya wafugaji wanaosema Kimaasai. Majina yangali yanashuhudia. Ngare ni maji kwa lugha yao. Ngare Ndare, msitu ule mnaokwenda kupiga picha kwenye vidimbwi vya samawati, ni maji ya mbuzi na kondoo. Sisi Wameru tulikuwa juu zaidi, kwenye unyevu na msitu, tukibadilishana nao nafaka kwa ngozi, na mara nyingine tukiibiana ng'ombe, tusifiche. Mwaka wa 1904 Serikali ya Mwingereza iliwatoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa ikawapa Laikipia, ikaweka ahadi kwa maandishi kwamba itakuwa yao muda wote kabila lao litakapodumu duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 mkataba mwingine ukawekwa alama za vidole gumba, na kufikia 1913 walikuwa wameswagwa kusini na mifugo yao. Walikwenda mahakamani mwaka huohuo. Wakashindwa, wakaambiwa mkataba wao ni wa taifa na taifa, mahakama haina uwezo juu yake.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia ukaja mpango wa 1919 wa kuwapa mashamba askari wazungu. Ndipo seng'enge ikapanda hadi huku. Lewa, ambayo mnaijua kwa mbio za marathoni na vifaru, ilianza hivyo: mwaka wa 1922 familia moja ilipata ardhi ikaanza kufuga ng'ombe, na ikawa ranchi ya ng'ombe kwa zaidi ya miaka hamsini. Kandokando yake na juu yake, kupanda mlimani, mashamba mengine ya ngano, kondoo na ng'ombe yakafuatana, na mawili kati yake, Kisima na Marania, yako hadi leo. Kila shamba lilipimwa na kuzikwa chuma kwenye pembe zake. Sheria ya 1915 iliwawezesha kukodishiwa kwa miaka 999. Hebu hesabuni mtu aliyepewa ardhi mwaka ule angeimiliki hadi lini. Katiba yetu ya 2010 ndiyo iliyokata muda huo kwa wasio raia, ukawa usiozidi miaka 99.

Baba yangu alikuwa mchunga ndama kwenye ranchi mojawapo, sitaitaja. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Tulikula posho ya kupimwa kwa kibaba, na ng'ombe wetu tulioruhusiwa kufuga walihesabiwa mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi. Lakini nataka mjue jambo moja kuhusu baba yangu. Alikuwa hana hata hatua moja ya ardhi yenye jina lake, na bado alijua jina la kila mahali. Alijua josho lilijengwa juu ya chemchemi iliyoitwaje. Alijua jiwe ambalo wachungaji wa zamani walinolea mikuki, na mahali kwenye mto ambapo ndovu hushuka mwezi wa ukame. Bwana shamba alikuwa na nambari ya shamba na baba alikuwa na majina. Wakati mmoja ng'ombe sitini walipotea kwenye ukungu wa mwezi wa saba, na ramani haikumsaidia bwana shamba kwa lolote. Baba ndiye aliyesema watakuwa wamekwenda mahali fulani, akapataja kwa jina, na huko ndiko walikopatikana.

Tazameni hata Mlima Kenya wenyewe. Sisi tunauita Kirimaara. Lakini vilele vyake vimeandikwa Batian, Nelion na Lenana, majina ya viongozi wa Wamaasai, kwa sababu Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kileleni mwaka wa 1899, ndiye aliyeandika. Sina chuki na majina hayo. Ni majina ya watu wa heshima. Ninachowaonyesha ni kwamba aliyeshika kalamu ndiye aliyebaki kwenye ramani, na aliyejua bila kuandika amebaki kwenye mdomo wa mtu mmoja mmoja, na midomo hiyo inafungwa.

Sasa turudi kwenye ua. Mwaka wa 1954, katikati ya hali ya hatari, Serikali ilileta mpango wa Roger Swynnerton wa kuwapa Waafrika hati za mashamba yao. Vipande vya kila mtu vilivyotapakaa vikakusanywa kuwa kimoja. Watu waliohitaji kupimiwa walikuwa malaki na sorovea walikuwa wachache, theodolaiti ingechukua miaka mia. Basi watu wakaambiwa wapande ua kwenye mipaka yao, ukishakua ndege itapita juu kupiga picha, na mchoraji ataufuata ule mstari mweusi. Ndivyo ramani nyingi za mashamba madogo ya Kenya zilivyopatikana. Mahali ambapo ua ulikuwa haujakua vizuri, kalamu ilikisia. Ilikusudiwa kwamba siku moja picha zitasahihishwa na mipaka ipimwe upya kwa usahihi. Sehemu nyingi siku hiyo haijafika.

Kwa hiyo ranchi ilipimwa kwa chuma na mkulima akapimwa kwa majani. Sisemi haya ili mkasirike. Hasira mnazo za kutosha. Nasema ili mwelewe kwamba mtu mwenye shamba dogo hana anasa ya kusahau. Mwenye chuma anaweza kusahau, hesabu zitamkumbusha. Wewe ukisahau ua wako, umesahau shamba.

Baada ya Uhuru baadhi ya mashamba ya wazungu yalinunuliwa. Tangu 1962 kulikuwa na mpango wa ekari milioni moja, uliogharamiwa kwa mikopo ya nje, na pia watu walichanga hisa kwenye vyama na makampuni ya kununua ardhi. Wengine waliopigania ardhi hawakupata kitu. Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau, alitoka msituni na watu wake mwaka wa 1963, wakapokewa kwa shangwe, na wengi wa waliotoka msituni walizeeka wakisubiri. Mimi na jirani yangu tulipata hapa kwa hisa. Wanachama waliokota nambari kutoka kwenye kofia. Ukiokota nambari, unakwenda kutafuta kipande chako kwenye nyasi, na huko hakuna kitu ila kigingi cha mti. Mchwa wanakula kigingi mvua mbili. Ndiyo maana nyanya yenu alifungua leso yake.

Niliona mengi zaidi nilipopelekwa Mbeere, miaka ya 1970, wakati wa kutatua haki za ardhi kule. Hebu niwaeleze, maana huko ndiko nilikojifunza kuogopa. Mbeere ni nchi kavu, ya migaa na mikau, chini ya mlima Kiang'ombe, na ardhi yake ilikuwa ya koo. Haikuwa na ua kila mahali, kwa kuwa mtu analima hapa mwaka huu na kule mwaka ujao, na mbuzi wanazunguka. Kamati ilipoketi, kila ukoo ulitakiwa useme: babu yetu alifika hapa, alizika hapa, mzinga wake ulining'inia kwenye mti ule. Alama zikawa ushahidi. Na alama zilipokuwa ushahidi, nikaona watu wakianza kuzigombania kama maji. Nikaona mbuyu unaong'olewa gome lake usiku ili alama za mizinga ya ukoo mwingine zisionekane. Nikaona ukoo wa watu ishirini ukageuka wa mia mbili kwa wiki moja, kila mtu akikumbuka ghafla kwamba ni binamu. Jack Glazier, mwanachuoni wa Marekani aliyekaa kule wakati ule, alitoa kitabu mwaka wa 1985 juu ya jinsi desturi ilivyotumiwa kwenye kugombania ardhi ya Mbeere.

Waliopoteza hawakuwa waongo. Waliopoteza ni wale ambao mzee wao alikufa kabla ya kamati kufika, na vijana wao, waliokuwa Nairobi, Embu mjini au Thika, wakaja na suti nzuri wakaulizwa, "Mto huu kabla haujafika kwa fulani unaitwaje?" wakanyamaza. Nilikuwa nimesimama pale na mnyororo begani. Nimeukumbuka ukimya ule maisha yangu yote.

Tena huko Mbeere na Mwea ardhi nyingine haikugombaniwa na koo tu. Mabwawa ya Mto Tana yalikuja moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme mnaochajia simu umetoka huko. Mashamba, vivuko na makaburi yaliyokuwa bondeni yalizama. Mwaka wa 1976 sehemu nyingine ikawa Hifadhi ya Mwea. Na ile ardhi ya Mwea iliyokuwa ya malisho, ekari zaidi ya 44,000, ikagombaniwa miaka na mikaka na Wambeere, Waembu, Wakamba na watu wa Kirinyaga, kila mmoja akiwa na historia yake ya kweli mkononi. Alama iliyo chini ya maji huwezi kwenda kuishika mbele ya hakimu.

Nina jambo langu mwenyewe la kukiri, na sijawahi kuwaambia. Siku moja tulikuwa tunapima, mahali sitapataja, na mgumo mkubwa ulisimama kwenye mstari wetu. Theodolaiti haikuweza kuona upande wa pili. Ni mti ambao wazee walikuwa wakiuheshimu, palikuwa na majivu ya kale chini yake. Mkubwa wetu akasema ukatwe. Mimi ndiye niliyekuwa na shoka. Mzee mmoja alikuja akasimama, hakusema neno, akanitazama tu. Nikakata. Kazi ya Serikali, nilijiambia, na watoto wanataka karo. Mstari ulipita vizuri. Miaka kumi baadaye watu wa pande zile walikuwa kortini, na shahidi mmoja akaulizwa mpaka wao wa asili ulikuwa wapi. Akajibu, "Kwenye mgumo." Akaulizwa mgumo uko wapi. Kesi ile iliisha na upande mmoja kupoteza ekari nyingi, na sijui kama ndio uliostahili. Tangu hapo kila niliposikia shoka nilihesabu.

Kwa hiyo nikiwaona mnang'oa vitu hovyo, msidhani ni uzee unaonuna.

Zipo alama ambazo bado zimesimama, na mnapita karibu nazo kila siku. Nenda Meru mjini, jengo la makumbusho ni ofisi ya mkuu wa wilaya ya mwaka wa 1916, jumba la mawe kongwe kuliko yote mjini. Mji wenyewe ulianzishwa na Mwingereza Edward Horne, ambaye wazee wetu walimwita Kangangi. Nenda Nchiru, nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ipo, na Chuo Kikuu cha Meru kimesimama kwenye ardhi iliyotolewa na wazee hao ili nyinyi msome. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, ambaye Waembu humhesabu kuwa baba yao. Wanasimulia kwamba alimkuta mke wake kando ya mto, na hakuna mtu mwenye akili anayeingia na shoka humo. Kichaka kile kimezungukwa na mashamba ya kahawa na chai pande zote, ardhi ya bei ghali, na bado kipo. Kipo kwa sababu kila kizazi kilionyeshwa na kikakatazwa.

Na Lewa? Nimesikia mkibishana. Mmoja anasema ni ardhi ya wazungu, mwingine anasema ni kazi na basari za masomo. Mimi nitawaambia ninachokijua. Vifaru wa Kenya walikuwa kama 20,000 mwaka wa 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 500, wameuawa kwa ajili ya pembe. Mwaka wa 1983 Anna Merz, mtetezi wa vifaru, na familia ya Craig, wenye ranchi, walizungushia ua ekari 5,000 za ranchi ile ili kuwalinda wachache waliosalia, na mwaka wa 1995 ranchi nzima ikawa hifadhi, ambayo leo ni ekari kama 62,000. Mwaka wa 2013 UNESCO iliiunganisha pamoja na msitu wa Ngare Ndare kwenye Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya. Swali la ardhi ile ilitoka kwa nani bado lina haki ya kuulizwa, na mimi naliuliza. Lakini humo ndani kuna shoka za mawe za watu wa kale kabisa, wa kabla ya kabila lolote linalojisifu leo, nazo zimeachwa zilipolala. Hakuna anayezifanya mafiga wala kuzijengea choo. Hilo nalisifu bila kusita.

Na kuna njia ya ndovu. Tangu enzi za baba yangu ndovu walishuka kutoka mlimani kwenda Ngare Ndare na kurudi. Ranchi na mashamba na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru vikawakatia njia. Wakawa wanavunja ua, wanakula viazi, wanaua watu na kuuawa. Mwishowe watu wakakaa chini, wakafuata kumbukumbu ya njia ile, mashamba ya Marania na Kisima yakatoa ukanda, na chini ya barabara kuu likachimbwa pito. Ndovu dume wa kwanza alipita mwanzoni mwa Januari 2011, siku chache tu baada ya kukamilika. Hakufundishwa na mtu.

Mimi nilikwenda kulitazama. Nilisimama juu ya barabara, malori yakipita, nikawaza. Njia ya ndovu imechorwa, imepimwa, imeandikwa hadi huko UNESCO. Njia ambayo nyanya yenu alipita kwenda mtoni miaka arobaini, na mtungi, na kuni, na mtoto mgongoni, mwaka jana imezibwa na seng'enge ya mnunuzi wa ploti, na hakuna hata mmoja wenu aliyeweza kusema ilipita wapi.

Hao wanunuzi ndio mwisho wa maneno yangu. Mabroka wanakuja hapa na magari yenye vioo vyeusi. Wanataka robo ekari, wanataka nusu, wanataka ya mbele yenye barabara. Sikatazi mtu kuuza. Karo ni karo, ugonjwa ni ugonjwa, na mvua za siku hizi mnaziona. Mimi mwenyewe niliuza ekari moja mwaka baba yenu alipolazwa. Lakini niliitembea kwanza. Nilimpitisha mnunuzi pembe zote nne mbele ya majirani, nikamwonyesha itoka, kijito na mwiba wa kona, nikamwambia kila kimoja kinaitwaje, tukaketi mbele ya bodi ya udhibiti wa ardhi na nyanya yenu akaulizwa kama amekubali. Mpaka leo hatujagombana na mtu yule, na watoto wake wananiita babu. Nyinyi mnauza kwa simu. Mnatumiwa ramani ya kilomita ngapi sijui, yenye nukta nyekundu, na mnaweka saini mjini mkiwa hamjakanyaga umande.

Itoka iliyong'olewa nimeiokota. Iko kwenye gunia nyuma ya jikoni, vitunguu mia moja na kumi na vinne, nimevihesabu mwenyewe. Kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai kwa sheria ileile ya 2012, na yule mwenye trekta nimemsamehe kwa kuwa hakujua. Nyinyi wawili mmeshajua sasa. Havitakaa kwenye gunia zaidi ya majuma mawili kabla havijaoza, na miguu yangu haitafika mtoni mara nyingi tena.

Jumamosi asubuhi njooni wote, pamoja na wale wa Nairobi, na watoto wenu wanaojua kuandika. Waje na daftari, si simu peke yake. Majirani wa pande zote mbili nimewaita, na mzee wa kijiji atakuwepo. Misaipresi ile ilipandwa na baba yenu mdogo mwaka wa 1989 kwa ajili ya upepo. Haihusiani na mpaka, na nitaapa hivyo mbele yao. Tutaanzia kwenye kivuko, tutapanda polepole, na kila tutakaposimama nitasema jina na mtoto ataandika. Majembe mawili yanatosha. Njooni kabla jua halijapanda.